Kinyausi cha Miche ya Kahawa, na Dawa Iliyo Jikoni

(Hotuba kwa wazee, walimu na wakulima wa Manyovu)

Neno langu leo ni dogo kama mche wenyewe, walakini ndani yake mna ada za shule za watoto wetu.

Mbegu ya kahawa hukaa udongoni majuma sita au zaidi ndipo ichipue. Jioni waiacha miche imesimama kama askari wa gwaride. Asubuhi waikuta imelala, shina limenywea na kuoza pale linapotoka udongoni. Hapo wengine husema, “Jirani ametutupia jicho.” Nimeona nyumba mbili zikiacha kusalimiana kwa ajili ya tuta moja. La, ndugu zangu, jirani hana kosa. Huo ni ugonjwa uitwao kinyausi, nao huletwa na kuvu, jamii ya koga, wakaao udongoni. Hupenda mambo matatu: maji yaliyotuama, miche iliyosongamana, na kivuli kizito.

Sasa sikilizeni habari ya kitunguu saumu. Kikiwa kizima hakinuki sana. Kikipondwa, vitu viwili vilivyotengwa ndani yake hukutana vikazaa dawa kali iitwayo alisini. Mwaka 1944 wataalamu wawili wa Marekani, Cavallito na Bailey, waliitoa dawa hiyo wakaona inaua vijidudu. Na baadaye ikaonekana kuwa yawazuia kuvu pia. Karafuu za Unguja na Pemba nazo zina mafuta yenye nguvu kama hiyo. Ndiyo silaha ya mmea kwa adui zake.

Matumizi yake ni haya. Twanga punje mbichi, koroga katika maji baridi, chuja kwa kitambaa, unyunyize siku ile ile. Usichemshe, wala usiweke akiba, maana nguvu yake hupotea upesi. Jaribu kwanza kwa miche michache, kwa sababu maji makali huunguza majani mororo.

Lakini sipendi kuwadanganya. Lililofaulu katika chupa ya mtaalamu huenda lisifaulu kitaluni. Tena dawa hii ni ya kukinga tu. Mche ulioanguka hauinuki. Basi yatangulieni haya: inueni tuta ili maji yapite, tumieni udongo mpya, pandeni kwa nafasi, mwagilieni asubuhi, si jioni, punguzeni kivuli kidogo kidogo, na mche mgonjwa ung'oeni pamoja na udongo wake, mkautupe mbali.

Kisha fanyeni jaribio. Wekeni matuta mawili yaliyo sawa kwa kila jambo. Moja lipate maji ya kitunguu, la pili maji matupu. Walimu, wapeni watoto kazi ya kuhesabu miche kila juma na kuiandika daftarini. Hesabu hiyo ipelekeni kwa wataalamu wa kahawa walioko Mwayaya, wapate kuwashauri.

Mche unaokufa leo ni mbuni utakaokosekana shambani mwaka wa tatu. Kabla hujamshitaki jirani, inama ulitazame shina.