Hesabu ya Majoho Haitoshi



Kutoka hapa Mnarani tukivuka daraja tunafika Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013. Huko husomwa hata shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa elimu.

Watu huhesabu majoho siku ya mahafali. Sisi wa reli twajua gari la moshi halipimwi kwa abiria waliofika Mombasa tu. Aulizwe pia aliyeshuka Voi bila kutaka. Basi wahesabiwe walioanza, waliomaliza, miaka waliyotumia, na walioacha njiani. Tena mwanafunzi aulizwe kama msimamizi humsomea kazi yake mapema, na jibu lisipite mkononi mwa msimamizi huyo. Nani atamsema mwenye kalamu ya kumpasisha?

Twataka hesabu hiyo ibandikwe ukutani. Karo yatoka mishaharani mwetu.