Hofu Isiyokubali Kuambiwa "Acha"

Mtu anayeosha mikono hadi ngozi ikachubuka, au anayerudi tena na tena kukagua kitasa, mara nyingi anajua fika kwamba mikono ni safi na mlango umefungwa. Hilo ndilo linalomtesa. Wazo linamng'ang'ania, hofu inapanda, naye anarudia tendo ili apumue. Na nafuu hiyo ya dakika chache ndiyo inayoulisha ugonjwa huu wa akili. Kumkaripia hakusaidii. Hata kumhakikishia kila anapouliza, jambo tunalolifanya kwa huruma, humzidishia hofu.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, wa hospitali ya Middlesex jijini London, alieleza alivyowatibu wagonjwa wawili wenye shida hii: waliwekwa karibu na walichokiogopa, kisha wakazuiwa kufanya tendo lao la kujiliwaza. Siku hizi tiba hiyo hufanywa kwa ridhaa ya mgonjwa, hatua kwa hatua, akianza na hofu ndogo, mpaka ajionee kuwa hofu hushuka yenyewe. Dawa nazo zipo, kama fluoksetini na klomipramini, lakini huhitaji wiki kadhaa, pengine 12, ndipo ijulikane kama zimesaidia. Wengi huziacha mapema mno, na inasikitisha.

Hapa kwetu pwani, anayerudia udhu hadi sala ikampita huambiwa amechezewa na shetani. Asomewe dua, hakuna ubaya. Lakini tafadhali, ndugu msikilizaji, mpeleke pia kliniki ya afya ya akili, na umsindikize wewe mwenyewe.