KUISHIWA PUMZI SI UVIVU
Maneno ya Mama Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya chama



 Habari za hisa na mikopo mmeshasomewa na Mama Mhazini, sina la kuongeza. Mimi nimeomba niseme juu ya pumzi. Najua wapo watakaocheka. Lakini hela yetu tunaitafuta kwa jembe, kwa kubeba na kwa kutembea, na asiye na pumzi atanunua hisa kwa nini?

Mimi ninaishi na pumu inayokuja nikifanya kazi ya nguvu. Nikikaa kama hivi mnavyoniona, sina neno. Nikilima kwa kasi, au nikipanda mlima na ndoo kichwani, baada ya dakika tano au kumi kifua kinabana, kinapiga filimbi, na kikohozi kinanishika. Mara nyingine kinakuja nikishaliweka jembe chini. Nikitulia nusu saa au saa moja, kinaondoka. Ndiyo maana watu hawaamini. Wanasema mbona sasa hivi anacheka?

Na hapa kwetu Usukumani mtu anapimwa kwa jembe. Nenda hapo Bujora uone bugobogobo inavyochezwa, majembe yanarushwa juu kwa ngoma, utaelewa. Anayebaki nyuma kwenye mstari anaitwa mvivu, akirudia anaambiwa karogwa. Nilipoolewa niliitwa yote mawili.

Daktari alinieleza hivi. Mtu akifanya kazi ngumu anahema kwa mdomo, haraka haraka. Hewa haipiti puani ikapata joto na unyevu, inaingia kavu. Njia za hewa zinakauka, na kwa mwenye pumu zinajikaza, zinakuwa nyembamba. Vumbi la kupepeta, moshi wa kuni na mafua vinaongeza. Alinipulizisha kwenye kipimo, akanipandisha ngazi mbio, akanipulizisha tena. Kipimo kikashuka. Basi, ugonjwa ukajulikana jina lake.

Lakini akina mama, si kila kuishiwa pumzi ni pumu. Damu ikipungua, na sisi tunaozaa inatupata sana, unahema kwa kutembea kidogo tu. Moyo ukidhoofika, na kuna wanaopatwa baada ya kujifungua, unahema, miguu inavimba, usiku huwezi kulala chali. Kifua kikuu kina kikohozi cha wiki mbili na zaidi, jasho la usiku na kukonda. Kila kimoja kina dawa yake. Kwa hiyo usiazime pampu ya jirani, wala usinunue vidonge dukani kwa kukisia. Kapimwe.

Ukiambiwa ni pumu, usidhani maisha yamekwisha. Yule mkimbiaji wa Ethiopia, Haile Gebrselassie, ana pumu. Mwaka 2008 alijitoa kwenye marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa kuhofia hewa chafu, na Septemba mwaka huohuo akakimbia Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, rekodi ya dunia. Alijua kifua chake kinataka nini na hakitaki nini.

Mimi nafanya hivi. Kwanza, sianzi kazi kwa kishindo. Naanza pole pole kama dakika kumi, mwili upate moto. Pili, asubuhi ya baridi na penye vumbi najifunga kitambaa mdomoni na puani. Tatu, napuliza pampu dakika chache kabla ya kazi, kama nilivyoelekezwa. Nne, ile dawa ya kuzuia naivuta kila siku hata nikiwa mzima, maana pampu ya kufungua kifua peke yake haitoshi. Na mkiona mtu hawezi kumaliza sentensi kwa kuhema, au midomo inageuka rangi, msimpe maji na maombi tu. Tafuteni usafiri apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Sasa nafika kwenye ombi langu. Katiba yetu inamtoza faini asiyelima shamba la kikundi. Naomba mkutano mkuu uongeze kifungu: mwenye cheti cha daktari apewe kazi nyingine, kama kuhesabu magunia au kuandika daftari, wala asipelekwe jikoni kwenye moshi. Na mfuko wa jamii, ambao leo unasaidia misiba na uzazi, utoe pia mkopo wa vipimo na dawa, bila riba.

Mwenzetu akifa tunachanga siku hiyohiyo, hata saa sita usiku. Akiomba hela ya pampu tunamwambia asubiri mgao. Sanduku la kuzikia ni ghali kuliko pampu, jamani. Katika miaka kumi hii tumejifunza kuweka shilingi moja moja mpaka ikawa nyumba na ada za watoto. Hiyo inayokuja tuweke na pumzi za wenzetu.

Anayeunga mkono ataonyesha mkono wake kwenye mkutano mkuu.