Mstari wa Miaka katika Nyumba ya Makumbusho



Aingiaye katika nyumba ya makumbusho huona vyungu, shanga, sarafu na mikuki. Akitoka huvikumbuka vitu, lakini hajui kipi kilitangulia, wala ni muda gani uliopita baina yao. Basi yafaa miaka nayo ionekane kwa macho.

Huko Uingereza mwalimu Joseph Priestley alichapisha karatasi kubwa mwaka 1765. Ndani yake urefu ulio sawa ni miaka iliyo sawa, na kila mtu mashuhuri amechorewa mstari, tangu kuzaliwa hata kufa. Majina yao yapata 2,000. Penye hakika alipiga mstari mzima, na penye shaka alitia nukta. Nukta hizo ndizo nilizokusudia kuzinena leo.

Tutwae mfano wa kwetu. Ziko sarafu za shaba za Kilwa zenye jina la Sultani Ali bin al-Hasan, lakini hazina mwaka, na wataalamu wamemweka sultani huyo katika karne mbalimbali. Ukimwandikia mwaka mmoja kwa wino, watoto watausadiki, nao watawafundisha wengine. Tena mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Dinari iliyo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Basi hazina ile haikuzikwa kabla ya hapo: piga alama nzito. Ilizikwa miaka mingapi baadaye? Hapo tia nukta.

Walimu, tundikeni kamba shuleni, mkono mmoja kwa kila miaka 100. Watoto wataona ya kuwa dinari ile i mbali nasi mikono tisa na nusu na zaidi, na vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, mkono mmoja na kidogo. Kisha waulizeni wazee habari za vitu walivyorithi: nani alikifanya, nani alikitumia, kilifikaje hapa. Mzee akisema, "Kabla ya Maji Maji," hilo ni jibu kamili, msimzidishie mwaka. Na mahali patupu paacheni patupu.

Lakini msikawie. Kila mzee aondokaye hutuachia nukta ambazo yeye angaliweza kuziunga zikawa mstari.