Usibomoe Ukuta Wako

Leo tunaongea habari za ngozi. Najua wengine mmeshaguna, "Ngozi nayo ina nini cha kuongea?" Subirini kidogo.

Hebu jiguse mkono. Hapo unapogusa ni seli zilizokufa. Usishtuke! Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli kavu, bapa, zilizopangwa kama safu 15 hadi 20, na katikati yake kuna mafuta yanayozishikilia. Fikiria ukuta: seli ndizo matofali, mafuta ndiyo sementi. Sehemu nyingi za mwili ukuta huo ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari lako, lakini ndio unaozuia maji ya mwili yasipotee, na ndio unaozuia vijidudu visiingie. Kila siku matofali ya juu yanadondoka, mapya yanapanda kutoka chini. Safari hiyo huchukua kama wiki 4. Kwa hiyo ukiubomoa leo, usitegemee umejengeka kesho.

Nani kawaambia sabuni ya kufulia ndiyo inayotakatisha uso? Ile ni kali, inaondoa sementi. Ukitoka kuoga uso umekaza, ukicheka unahisi kama utapasuka, basi ujue huo si usafi, ni ukuta unavuja. Oga kwa sabuni ya kuogea, tena isiyonukia sana. Dodoki usilitumie kama unasugua sufuria lililoungua. Halafu paka mafuta palepale, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta ya mgando ya bei rahisi yanatosha kabisa. Mwenye chunusi apake kidogo tu usoni. Wa Njombe na Makete, kwa baridi yenu ya Juni na Julai, hili wala siwafundishi.

Sasa tuje kwenye lililonileta. Bwenini kuna tyubu inazunguka, si ndio? Mmoja kanunua duka la dawa bila cheti, anawagawia wenzake. Eti inaondoa chunusi, inaondoa mabaka, na uso unakuwa mweupe. Na kaka zangu msicheke, maana na nyie mnaipaka kwenye vipele vya ndevu.

Ubaya ni kwamba mwanzoni inafanya kazi kweli. Siku chache tu, muwasho umekwisha, wekundu umepungua, marafiki wanakusifia. Hapo ndipo mtego ulipo. Nyingi ya tyubu hizo zina steroidi, kama betamethasoni au klobetasoli. Kwenye boksi majina yameandikwa Kizungu, lakini yatamke taratibu utayatambua. Ni dawa halali ya hospitali, inasaidia wenye pumu ya ngozi, ila kwa kipimo na kwa siku alizosema daktari. Ukijipakia miezi, ngozi inapunguza kasi ya kutengeneza matofali na sementi. Ukuta unakonda. Mishipa ya damu inaanza kuonekana usoni, chunusi zinarudi kwa fujo, na mapajani au kwapani inatokea michirizi ambayo haifutiki.

Kuna kasheshe nyingine. Una choa, unakuna usiku kucha, unapaka steroidi. Muwasho unatulia, unasema umepona. Kumbe fangasi yuko palepale na sasa anatambaa bila kusumbuliwa, kwa sababu umewalaza walinzi, siyo mwizi.

Mkorogo ndio sitaki hata kuurembesha. Humo mnaweza kuwa na haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake, au zebaki, inayopenya na kuharibu figo. Tanzania imepiga marufuku vitu hivyo kwenye vipodozi, lakini bado vinauzwa kwa kificho. Rangi nyeusi si uchafu. Ni sehemu ya ulinzi, inakukinga na jua. Muulize mwenzako mwenye ualbino, anayelazimika kuvaa kofia pana na mikono mirefu kila siku, jua lina maana gani kwa ngozi isiyo na kinga hiyo. Mimi nikiona tangazo limeandikwa "ng'arisha", huwa nashika pochi yangu vizuri.

Najua kuna anayesoma hapa na tyubu iko kwenye sanduku lake. Sikusemi. Ila ukiwa umepaka muda mrefu, ukiacha tu uso unaweza kuwaka, kuwasha na kutoka vipele vibaya kuliko vya mwanzo. Wengi hapo ndipo wanaporudia, wakidhani dawa ilikuwa inawaponya. Usirudie, wala usihangaike peke yako. Nenda kituo cha afya. Wataalamu wa ngozi wapo: Moshi, pale KCMC, kuna chuo kinachowafundisha tangu 1992, na wanatoka nchi mbalimbali za Afrika. Nenda na tyubu yenyewe, hata kama limebaki ganda, ili daktari ajue ulikuwa unapaka nini.