VPN na Amana Tunayoikabidhi kwa Tusiowajua

 

Baada ya darsa ya mwezi uliopita, mzee wetu mmoja alitupa simu yake tumtazamie. Tulikuta ndani yake VPN tatu, zote za bure, alizowekewa na wajukuu tangu mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025. Tulipomuuliza anazitumiaje, alijibu: "Hii ikishawaka, wanangu, hapana anayeniona." Kauli hiyo ndiyo iliyotusimamisha hapa leo.

Ukweli ni kwamba yuko anayemwona. VPN huyatia mawasiliano ya simu katika mfano wa bahasha iliyofungwa, ikayapeleka kwanza kwenye kompyuta ya mwenye huduma hiyo, ambayo mara nyingi iko nchi ya mbali. Kutoka huko ndipo yaendapo yalikokusudiwa. Kampuni ya simu huiona bahasha tu, haijui mwisho wake ni wapi. Mwenye VPN anajua. Ujumbe wa WhatsApp hawezi kuusoma, kwa kuwa una kufuli yake yenyewe. Lakini mahali ulipoingia na saa uliyoingia vimo mikononi mwake. Kwa hiyo siri haikufichwa, imebadilishiwa mtunzaji. Ni nani kati yetu angemwachia amana mtu asiyemjua jina wala mji, eti kwa sababu hakudai ujira?

Tuchukue mfano ulio wazi. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo, ambayo VPN yake ya bure ilinadiwa kuwa ni ya kuwalinda watumiaji. Kumbe habari za matumizi yao zilikuwa zikikusanywa kwa manufaa ya biashara ya Facebook. Julai 2023 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamuru kampuni mbili tanzu za Meta zilipe dola za Australia milioni 20 kwa kutowaeleza watu jambo hilo ipasavyo. Ikiwa hayo yametoka kwa kampuni yenye jina na anwani, itakuwaje kwa isiyo na hata kimoja?

Hatusemi kuwa VPN ni haramu. Mfanyakazi aliye safarini huihitaji ili afungue hesabu za ofisi yake kwa usalama. Ama sheria, Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaoihitaji kwa shughuli zao wajisajili ifikapo tarehe 30 ya mwezi ule. Mzee wetu hakuwa na habari hiyo. Na intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, zote tatu hazikumwezesha kumpata binti yake aliyeko Muscat, kwani bahasha haikuwa na njia ya kupita.

Tulizitafuta anwani za wenye VPN hizo. Mbili hazikuwa nayo, tukaziondoa kwa idhini yake. Vijana wetu watakuwa barazani Jumamosi baada ya Alasiri. Mwenye shaka na aje na simu yake.

Wabillaahi tawfiiq.