Waziri Mkuu Aliyeshuka Kitini



Mmetutaka tuzungumze juu ya ujuzi unaomwezesha mkuu wa serikali kufikia makusudio yake ya mbali. Wengine wangelianzia Uingereza; sisi tutaanzia Mwisenge, mjini Musoma. Katika skuli ya hapo aliingia, mwaka 1934, kijana wa miaka 12 kutoka Butiama, Julius, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki.

Msishangae jina hilo kutajwa na upinzani wa Visiwani. Tunayo madai yetu juu yake, khasa juu ya Muungano wa 1964, wala hatukuyafuta. Lakini aliyeshindwa asipomsoma aliyemshinda, atashindwa tena.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Tarehe 22 Januari, 1962, hata wiki saba hazijatimia, alijiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa. Watu waliduwaa. Mtu atafute kiti miaka yote ile, kisha akiache hakijapata joto? Yeye aliliona lisiloonwa na wakuu wengi: TANU ilikwisha kukipata ilichokipigania, na watu wake hodari walikuwa wakihamia maofisini. Serikali inayotoa amri huku matawi ya chama yamelala hujikuta ikisema peke yake. Basi alirudi kwa wanachama, akazunguka nchini, akaandika juu ya Ujamaa. Katika uchaguzi wa Rais wa Novemba, 1962, alipata kura zaidi ya milioni moja. Mpinzani wake, Zuberi Mtemvu, hakufikia 25,000.

Kujua nguvu ya serikali yatoka wapi, na kwenda kukaa hapo hata ikibidi kushuka: huo ndio ujuzi tuusemao. Nao wahitaji msaidizi wa kuaminiwa. Kawawa aliishika serikali ile, na wakati ulipofika akampisha mwenziwe bila ya fitina.

Hata hivyo, mwaka ule ule wa 1962 ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini pasipo kumfikisha mahakamani, na 1965 chama kimoja kikawa ndiyo sheria. Alijua kuwasikiliza waliomo nyumbani. Dirisha la nje akalifunga. Wakulima walipohamishwa kwa nguvu kutiwa vijijini katika miaka ya 1970, hakukuwa na upinzani Bungeni wa kuwasemea.

Dirisha hilo alisaidia kulifungua mwenyewe, akiwa amekwisha kung'atuka. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, ilikuta kwamba katika kila watu 100 waliotoa maoni, kiasi cha 80 walitaka chama kimoja kibaki. Nyerere alikuwa miongoni mwa waliotaka wale 20 wasikilizwe. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa, na kwa sheria hiyo ndiyo tumekaa humu jioni hii na kadi zetu mifukoni. Ndugu Katibu aandike kwamba hilo nalo tumelisema.